Mbavu za Sikitu

Wiki iliyopita nilishuka kwenye bodaboda pale Mbinga mjini kabla sijafika nilikokuwa nakwenda, na kilichonishusha ni harufu. Vijana walikuwa wamefyeka majani kando ya barabara, wameyaacha juani, nayo yalikuwa yameanza kunyauka. Majani mabichi yana harufu yake na makavu yana yake, lakini yale ya katikati, yaliyokatwa asubuhi na kulala juani hadi saa saba, hayo harufu yake mimi siiwezi. Dereva akaniuliza, "Dada, umesahau kitu?" Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu. Akaniangalia kidogo, akawasha pikipiki yake, akaenda zake. Nami nikabaki pale nimeshika pochi yangu, nikimwona mama yangu akishuka mlimani na mzigo wa majani kichwani, shingo imenyooka, haangalii mtu kushoto wala kulia.

Ninyi wa rika langu mliokulia milimani kwetu hamhitaji kuelezwa ngolo ni nini. Nitaeleza kwa ajili ya watoto wenu mliowazalia mjini. Majani ya shamba lililopumzika hufyekwa na wanaume, halafu hulazwa chini kwa mistari inayokatana, mraba kwa mraba, mlima mzima. Kisha wanawake huja na majembe, wakafukia mistari ile kwa udongo unaochimbwa katikati ya kila mraba, ndipo shimo linapotokea. Mvua ikinyesha, maji hutulia mashimoni na udongo hauporomoki bondeni. Majani yaliyofukiwa huoza humo, na maharage hustawi juu yake. Kwa hiyo kwetu majani mazuri yalikuwa chakula cha shamba. Mnyama alikula alichookota njiani na kwenye makapi. Mtu wa kumkatia mnyama majani mabichi, marefu, ya wakati wa mvua, huyo ungemhesabu na mtu anayemwaga uji wa watoto.

Mama yangu hakuzaliwa na desturi hiyo. Alitoka Liuli, ziwani, na alipoolewa huku upande wa Mbuji aliingia katika kaya ya Wamatengo watupu, Wakatoliki watupu, yeye Mnyasa na Mwanglikana wa kuzaliwa. Lugha ya nyumbani hakuijua, nao ya kwake hawakuijua, kwa hiyo Kiswahili kiliingia nyumbani kwetu kwa sababu yake. Hata Bibi, mama yake baba, alijikaza kukisema ili apate kumwamrisha vizuri. Walimwita Mnyasa wetu. Wakati mwingine lile neno "wetu" lilisemwa kwa upendo, na wakati mwingine lilisemwa kama mtu anavyosema jembe letu.

Babu yangu wa Liuli alikuwa na kazi ya kupandisha usipi mkavu, wale dagaa wa ziwani, milimani kwa punda, kisha kushuka na maharage. Magoti yalipomkataa, alimchukua punda jike aliyebakia, akampandisha hadi kwetu, akamkabidhi mama mbele ya baba, Bibi, na kaka mkubwa wa baba ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa kaya. Akasema, "Huyu ni wako, mwanangu, na atakachozaa ni chako." Punda huyo aliitwa Sikitu. Katika kaya ile mashamba yalikuwa ya ukoo, kahawa ya ukoo, nyumba ya ukoo, na hata mimi nilikuwa wa ukoo. Mama alikuwa na Sikitu.

Lakini mali ya mtu ikiwa na miguu minne na mgongo, watu husahau upesi ni ya nani. Sikitu alibeba maji ya kaya nzima asubuhi. Alibeba kuni, mahindi ya kupeleka mashineni, na wakati wa mavuno alibeba kahawa, akipanda na kushuka njia zile ambazo mtu mwenyewe huzipanda kwa kushika magoti. Kila aliyekuwa na mzigo alikwenda kumfungua, na sikumbuki hata mmoja aliyemfungua amlishe. Baba mkubwa alikuwa na msemo wake, "Punda afe, mzigo ufike," na aliusema kwa furaha kabisa, kama ndiyo mara ya kwanza kusemwa duniani.

Shida ilikuwa kwamba Sikitu hakuzaa. Kijijini Kitura kulikuwa na mzee mwenye punda dume, na Sikitu alipelekwa huko mara nyingi, siku zote Jumapili baada ya misa, maana hiyo ndiyo siku ambayo hakuwa na mzigo. Alikwenda mtupu akarudi mtupu. Basi Baba mkubwa akaketi siku moja nje ya nyumba yake, akatutangazia hukumu. "Nimevumilia. Kahawa ijayo ikiisha kuvunwa, kama huyu tasa hajashika mimba, nitamwita mnunuzi." Wanunuzi wa punda walikuwa wakipita miaka ile kutoka mbali, na punda aliyeondoka nao hakwenda kubeba mzigo, alikwenda kuchinjwa. Mama alikuwa anapepeta mahindi. Ungo haukusimama, lakini niliona kidevu chake kimekaza.

Mimi sikuogopa hata kidogo, kwa sababu nilikuwa najua jambo ambalo Baba mkubwa hakulijua. Sikitu alikuwa na mimba tayari. Tumbo lake lilikuwa limetoka pande zote mbili, limening'inia, likicheza alipotembea. Nilikuwa nimeona wanawake wenye matumbo ya namna ile na nilijua yanaishia wapi. Nikaenda kumwambia Bibi. Bibi akaja na fimbo yake, akaweka mkono tumboni kwa Sikitu, akaitikia kwa kichwa taratibu. "Kweli, amejaa," akasema. Msimcheke Bibi yangu. Kwetu mnyama alisomwa tumboni. Tumbo likiwa kubwa, mnyama ameshiba, na akiwa jike, huenda ana kitu. Mgongo hakuna aliyeutazama, maana mgongo siku zote ulikuwa umefunikwa na magunia. Mimi nikatangaza habari shuleni, nikamchagulia mtoto jina, na nikamzuia binamu yangu asimguse Sikitu kwa mikono michafu.

Ndipo akaja afisa mifugo wa kata, dada mmoja kijana mwenye mabuti ya mpira, akizungukia kaya kuchanja mbwa. Alipomaliza, mama alimpelekea maji ya kunawa, akamwomba amtazame na punda wake.

"Shikamoo, mama," yule dada alisema, maana alikuwa mdogo kwa mama. "Huyu ana tatizo gani?"

"Marahaba, mwanangu. Wanasema ni tasa. Huyu binti yangu anasema ana mimba. Mimi nataka kujua."

Yule dada hakuangalia tumbo kwanza. Alipitisha mkono shingoni, akashuka begani, akabonyeza mbavu, akapapasa uti wa mgongo mpaka kwenye nyonga. Halafu akainama, akasikiliza na kubonyeza tumboni.

"Mama, hii si mimba," akasema. "Hili ni tumbo la makapi na minyoo."

"Ana mtoto," nikamwambia. "Hata Bibi amesema."

Hakunicheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniita karibu. "Funga ngumi. Sasa kwa mkono mwingine jipapase hapa, kwenye vifundo vya vidole. Unasikia mifupa?" Nikasema nasikia. "Mpapase na yeye mbavuni." Nikapapasa. Ilikuwa vilevile, mfupa, shimo, mfupa, shimo, na ngozi nyembamba juu yake. "Sasa fungua ngumi, kunja vidole kidogo tu, jipapase nyuma ya kiganja. Mifupa ipo, unaisikia, lakini ina blanketi. Hivyo ndivyo mbavu za mama mtarajiwa zinavyotakiwa kuwa. Akiwa kama vifundo, mwili hauna akiba. Na mwili ukikosa akiba, mlango wa kwanza kuufunga ni wa kizazi, ili mwenyewe asife. Huyu hata ukimpeleka kwa dume kila Jumapili, hatashika. Hana joto la kupandwa. Amelizima."

"Kwa hiyo si tasa," mama akasema.

"Ana njaa, mama, na amechoka. Mpe dawa ya minyoo. Mpunguzie mizigo. Mlishe majani mabichi sasa hivi wakati wa mvua, na pumba kidogo, na chumvi ya kulamba. Akianza kujaa mbavuni atakuambia mwenyewe. Utamwona amelaza masikio nyuma, anafungua mdomo na kutafuna hewa. Siku hiyo usingoje Jumapili. Ila usimnenepeshe kama nguruwe wa Krismasi. Akiota mafuta shingoni, shida itaanza upya."

Nililia mchana wote. Nililia kwa ajili ya mtoto ambaye hakuwepo, na zaidi kwa ajili ya aibu itakayonipata shuleni. Mama hakunibembeleza. Alikaa kizingitini ananiangalia, halafu akasema, "Ukimaliza kulia uniletee kamba. Leo Sikitu habebi maji." Na asubuhi iliyofuata, na nyingine, na nyingine, mama alikwenda mtoni na ndoo kichwani. Alijifunga kibwebwe kwelikweli. Maji ambayo Sikitu alikuwa akiyaleta kwa safari moja, yeye aliyapandisha kidogo kidogo, anakwenda na kurudi, umande ukimlowesha miguu mpaka magotini. Kuni nazo akabeba mwenyewe. Mtu alipokuja kumfungua Sikitu amtwishe gunia, alimkuta mama amesimama mlangoni pa zizi. Hakugombana. Alisema tu, "Nipe mimi," akajitwisha gunia la mtu. Wengine waliona haya wakabeba yao. Wengine hawakuona haya.

Kule mtoni wanawake walipata cha kusema. "Mnyasa amegeuka punda, na punda amegeuka mke wa nyumba." Mama alicheka pamoja nao, akainama ndoo yake ijae. "Ng'ombe hashindwi na nundu yake," alisema, akaondoka. Mimi niliyekuwa nyuma yake na kindoo changu nilitaka awatukane. Nilidhani kucheka ni kushindwa.

Kazi yangu mimi ilikuwa kupima. Kila jioni kabla jua halijashuka nilikwenda zizini, nikafunga ngumi, nikajipapasa, nikampapasa Sikitu, nikamletea mama habari. "Vifundo." Kesho yake, "Vifundo." Nikaona kazi hii ni tamu, nikaanza kupima kaya nzima. Baba mkubwa alipitiliza, mbavu zake hata sikuzipata. Bibi alikuwa sawasawa na nyuma ya kiganja, nikamfundisha na yeye kujipima, akafurahi akasema basi anaweza kuzaa tena. Baba alikuwa anakimbia kupimwa. Mama hakukaa chini muda wa kutosha kupimwa. Niliona tu kwamba kanga aliyokuwa akiifunga mara moja sasa inamzunguka na kubaki, na shavu lake limeingia ndani, na mifupa ya bega imetokeza. Nikafurahi. Nilidhani mama yangu anarudi usichana. Nilimwambia, "Mama, siku hizi umekuwa mrembo kama wale wasichana wa sekondari." Akanipa mgongo, akaendelea kukoroga ugali.

Kisha ukafika wakati wa ngolo. Baba alifyeka majani kwenye upande wa mlima aliopewa mama kulima, akayalaza mistari kama ilivyo kawaida. Nayo yalikuwa majani hasa, marefu, laini, yenye maji. Mama alichimba mashimo yake kuanzia juu ya mlima. Alipofika nusu akasimama, akaangalia mistari iliyobaki chini yake, akaangalia upande wa zizi. Akaweka jembe chini. Akaikusanya ile mistari ya chini, akaifunga mzigo kwa mzigo, akashuka nayo kichwani mchana kweupe, mbele ya macho ya watu wote waliokuwa wanalima milima ya jirani.

Habari ilifika kwa Baba mkubwa kabla mama hajafika zizini. Tulimkuta amesimama pale.

"Shikamoo, shemeji," mama alisema, mzigo ungali kichwani.

"Marahaba. Hayo majani yanakwenda wapi?"

"Kwa Sikitu."

"Majani yaliyofyekwa kwa mikono ya mwanamume, yakalazwa shambani, wewe unayatoa ardhini unampa punda."

"Mikono ni ya mume wangu, na shamba ni hilo mlilonipa nilime. Maharage yakipungua pale, yatapungua kwenye chungu changu."

"Na mwanangu huyu atakula nini?" Alininyooshea kidole mimi.

"Nitampa ya kwangu."

Baba mkubwa alivuta pumzi. Hakuwa mtu mbaya, nataka mnielewe. Alikuwa mtu aliyeona milima ikimomonyoka alipokuwa kijana, na kwake mstari wa majani ulikuwa kama ukuta wa nyumba. "Punda afe, mzigo ufike," akasema. "Hivyo ndivyo tulivyolelewa."

"Akifa, shemeji, mzigo utabaki palepale alipofia," mama akamjibu. Akampita taratibu, akayamwaga majani mbele ya Sikitu.

"Shukrani ya punda ni mateke," Baba mkubwa alisema nyuma yetu. "Utakuja kuniambia." Na baba yangu, aliyekuwa amesimama na panga lake mkononi, akatazama chini. Siku ile nilimchukia kidogo.

Kuanzia hapo harufu ya zizi letu ilikuwa ile niliyowaambia, ya majani yaliyolala juani. Sikitu alikula kama mtu anayeogopa kuamshwa ndotoni. Dawa ya minyoo ilifanya kazi yake, na hiyo sitaisimulia, kuna wanaokula. Manyoya yake yaliyokuwa yamesimama kama ufagio yakaanza kulala. Lakini mimi nilikuwa na huzuni yangu ya siri. Lile tumbo kubwa lilianza kupungua. Kila wiki lilijivuta juu, mpaka ubavu wake ukanyooka. Nilipima mbavu nikaripoti, "Zina blanketi kidogo," mama akatabasamu, na mimi nikashangaa anatabasamu nini wakati nyumba ya mtoto inabomoka mbele ya macho yetu. Bibi naye alikuwa na mashaka kama yangu. "Mnyasa wetu," alisema, "mbona unampa chakula na tumbo linakwisha?"

Asubuhi moja, tukiwa tunachimba ngolo za mwishomwisho, jirani alipita njia ya chini na punda wake dume, bado mdogo mno kupanda, amebeba kuni. Sikitu alikuwa amefungwa karibu nasi. Akainua kichwa, akalaza masikio nyuma, akafungua mdomo, akaanza kutafuna. Mdomoni hakuwa na kitu. Mama aliniangalia, nami nikamwangalia. Alinawa miguu kwa maji ya kunywa, akafungua kamba, tukashika njia ya Kitura siku ya kazi, majembe tumeyaacha shambani yamelala. Na kwetu, kuacha jembe shambani wakati wa ngolo ili umpeleke punda kwa dume, afadhali useme umerogwa.

Mzee wa Kitura alitutazama kwa mshangao. "Leo si Jumapili."

"Najua, baba."

"Siku zote mnamleta Jumapili."

"Jumapili ilikuwa nafasi yetu sisi," mama akasema. "Leo ni nafasi yake."

Mzee akacheka mpaka akakohoa, akaenda kumleta dume lake. Mimi niliambiwa niende nikatazame kuku.

Baada ya hapo ikawa kungoja tu. Sikitu hakutafuna hewa tena. Mama alianza kumtwisha mizigo midogo, kuni chache, mahindi kidogo, akisema mwili usiofanya kazi nao huharibika. Mizigo mizito iliendelea kuwa yake. Maharage ya ule upande wa chini yalikuwa mafupi kweli, na wengine walipita njia ile makusudi ili wayaone. Tuliyala bila kulalamika, au niseme mimi niliyala, kwa sababu mama alikuwa akinipakulia yeye akiwa bado amesimama. Kahawa ikaiva, ikavunwa, ikakauka kwenye vichanja. Na siku ya mwisho ya magunia, mnunuzi akaja.

Alikuwa mtu mpole mwenye kofia, ana kamba mpya mkononi. Baba mkubwa alimpeleka zizini, sote tukafuata. Akamzungusha Sikitu mbele yetu.

"Tazameni wenyewe," Baba mkubwa akasema. "Mwaka jana alikuwa na tumbo. Sasa hata hilo hana. Amekula shamba letu bure."

Na ilikuwa kweli kwa macho. Yule punda wa mwaka jana, mwenye njaa, alionekana mjamzito kuliko huyu. Mimi mwenyewe nilipomtazama nilikata tamaa. Nikashika kanga ya mama, nikaanza kulia. Mama alikuwa amesimama mbele ya mlango wa zizi, mikono kifuani. Hakupiga magoti wala hakuomba.

"Shemeji," alisema, "baba yangu alimtoa mbele yako. Alisema ni wangu, ukasikia. Haondoki."

"Na mimi nilisema kahawa ikiisha. Ukasikia." Akamgeukia mnunuzi. "Mfunge."

Ndipo baba alipotoka kwenye vichanja. Mikono yake ilikuwa na vumbi la kahawa. Hakumtazama kaka yake. Alikwenda kwa Sikitu, akafunga ngumi, akajipapasa vifundo, kama alivyoniona mimi nikifanya jioni zote zile nilizodhani haangalii. Akampapasa Sikitu mbavu. Akafungua kiganja, akajipapasa nyuma yake, akampapasa tena. Alichukua muda wake.

"Kaka," akasema, "huyu haondoki."

"Una ushahidi gani kwamba ana mimba?"

"Sina. Mwenye punda amesema haondoki. Punda ni wake."

Baba alikuwa hajawahi kumkatalia kaka yake jambo lolote tangu nizaliwe. Mnunuzi aliwatazama wote wawili, akaizungusha kamba yake mkononi vizuri, akasema kwenye ugomvi wa ndugu yeye hanunui. Akaomba maji ya kunywa. Mama ndiye aliyempelekea.

Sasa niwaambie, punda hubeba mimba zaidi ya mwaka, na kwa mtoto wa umri wangu wa wakati ule, mwaka ni maisha mazima. Tumbo lilirudi polepole, safari hii likiwa na mbavu zilizofunikwa juu yake. Masika yalikuja yakaisha, baridi ikaingia na ukungu wake, na asubuhi moja nilikwenda zizini nikamkuta Sikitu amesimama na kitu chenye masikio makubwa kuliko mwili, kimelowa, miguu imekwenda kila mmoja kwa njia yake. Sikupiga kelele. Nilirudi ndani nikamshika mama mkono nikamvuta.

Kaya nzima ilikuja. Baba mkubwa alifika, akakitazama kile kitoto muda mrefu, akasema ni jike. Bibi alikuja mwisho na fimbo yake. Alimpapasa Sikitu shingoni, akamsemesha Kimatengo, halafu akamgeukia mama, na Bibi alikuwa amefurahi kwa moyo wake wote, nataka mjue hilo.

"Haya, mwanangu," akasema. "Punda wako amekutangulia. Sasa umebaki wewe. Nyumba ya mtoto mmoja haina joto."

Mama alikuwa ametoka kuweka ndoo ya maji chini, ile ya asubuhi, ya kaya nzima. Kata ya kubebea ilikuwa bado kichwani. Hakukasirika. Alimkaribia Bibi, akapiga goti kama mkwe anavyotakiwa, akaushika mkono wa Bibi ule usio na fimbo. Akaupenyeza chini ya kanga, akauweka kwenye mbavu zake.

"Nipime, mama," akasema.

Nilicheka. Nilidhani ni mchezo wetu ule, na kwamba mama hatimaye amekubali kucheza. Bibi hakucheka. Mkono wake ulipanda na kushuka chini ya ile kanga, polepole, ukasimama, ukarudi juu. Kisha aliutoa, akaufunga ngumi, akaitazama ngumi yake. Macho yakamjaa maji, na mimi nikaacha kucheka.

Alimwita baba. "Ndoo ya maji ya hapa nyumbani ni ipi?"

"Hiyo hapo, mama."

"Imwage kwenye pipa. Halafu uishike uende mtoni."

"Mimi?" baba akauliza. Mwanamume wa kwetu na ndoo ya maji kichwani ilikuwa habari ya kusimuliwa mpaka kijiji cha tatu.

"Kichwa unacho?"

"Ninacho."

"Basi nenda."

Baba alimtazama kaka yake. Kaka yake alikuwa anakitazama kitoto cha punda. Baba akaimwaga ndoo kwenye pipa, akamvua mama kata kichwani, akaivaa yeye, akashuka mtoni, na wanawake wakaanza kucheka kabla hajafika. Kesho yake alikwenda tena.